Chumvi Ambayo Mama Hakuitia

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mama yangu aligundulika ana presha. Alikuwa anaishi Msimbati, analima mihogo na kuhudumia mikorosho michache aliyoachiwa na baba. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya mawakala wa forodha karibu na Bandari ya Mtwara. Nesi wa zahanati alimwambia maneno machache tu: "Bibi, punguza chumvi."

Mama hakupunguza, aliacha kabisa. Alilimwaga kopo la chumvi nyuma ya nyumba. Ng'onda, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi aliowala tangu utoto, akawagawia majirani. Akawa anakula kisamvu kilichopooza, uso ameukunja kama anayemeza dawa.

Nilimwonea huruma. Nilipokwenda kumtembelea mwezi uliofuata, nilimpelekea boksi la kiungo cha mchuzi, vile vipande vya mraba vilivyofungwa kwa karatasi ya kung'aa.

"Hii nayo si chumvi?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Ni kiungo. Si unaona kuku huyo?" Nikamwonyesha picha ya kuku kwenye boksi. Mama hakujua kusoma herufi za Kiswahili, alisoma Kurani tu. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Akakipenda. Kila nilipokwenda nilimpelekea kingine, pamoja na siagi ya kopo na biskuti. Na kila alipopimwa, presha ilikuwa juu kuliko mara iliyopita. Mwisho uvumilivu ukanishinda.

"Mama, unaficha chumvi."

"Naificha wapi?"

"Sijui. Ila unaila. Kipimo hakisemi uongo."

"Wallahi, mwanangu, hata kuionja sijaionja."

Sikumwamini. Niliinuka nikafunua masufuria, nikanusa mitungi, nikashusha vikopo vyote vya kwenye kichanja. Mtu mzima mimi, mwenye watoto wangu, nilipekua nyumba ya mama yangu mzazi. Yeye alikaa mkekani akinitazama. Nilipomaliza akasema taratibu, "Chini ya kitanda hujatazama." Nikaenda nikatazama.

Nikaamua kumchukua nikae naye kwangu mjini, mtaa wa Chuno, nimpikie mwenyewe ili asipate nafasi ya kudanganya. Asubuhi nilimpa chai na slesi za mkate wa dukani zilizopakwa siagi. Mchana wali na maharage yaliyoungwa kwa kile kiungo. Nikichelewa kazini, jioni tulikula tambi za pakiti, zile za kuchemsha mara moja na kumwagia unga wake, na mama alizifurahia sana. Chumvi yenyewe niliihamishia kabatini, nikafunga kwa ufunguo. Nilijiona mlinzi hodari.

Baada ya wiki tatu nilimpeleka kwa daktari mmoja pale mjini, mwanamke kijana. Presha ilikuwa imepanda tena.

"Anakula nini?" daktari akauliza.

"Hali chumvi kabisa. Nampikia mimi."

"Sijauliza asichokula. Kesho niletee pakiti za vyakula vyenu vyote."

Siku ya pili nikamwaga mfuko mezani kwake: mfuko wa mkate, kopo la siagi, boksi la kiungo, pakiti ya tambi, tomato sosi, biskuti. Alichukua kalamu akaanza kuzungushia maneno duara. Hii chumvi. Hii chumvi. Hapa wameandika sodiamu, nayo ndiyo hiyo hiyo. Kwenye boksi la kiungo, chumvi ndiyo iliyotajwa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Kuku alitajwa karibu na mwisho. Maandishi yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, madogo, yamebanwa kwenye pindo la boksi. Mimi niliyekuwa nasoma hati za mizigo kutwa nzima ilibidi niyasogeze dirishani.

Mama alikuwa anatutazama kwa zamu. "Kumbe nilikuwa naila?" akauliza. "Nani alikuwa ananitilia?"

Daktari akaniangalia. Nikainamisha kichwa.

Tulipofika nyumbani nilimpigia magoti. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini ulinipekua."

Aibu ile ikageuka hasira, nikaitoa nje. Nilikwenda kwa mwenye duka la mtaani. Akaniambia, "Dada, mimi nauza, siandiki maboksi." Nikamwendea mwenye tanuri la mkate, akasema asipotia chumvi ya kutosha wateja watamkimbia. Nilipokwenda Msimbati nikamuuliza nesi mbona hakumwambia mama habari za pakiti. Naye akachoka na mimi: "Tumefundishwa kusema punguzeni chumvi. Hayo ya pakiti nani kanifundisha?" Wote walinijibu kwa adabu, na kila mmoja alinyoosha kidole kwa mwingine.

Basi nikaandika barua kwa kiwanda cha kiungo kile, kwa anwani iliyokuwa kwenye boksi. Kurasa mbili, kwa mashine ya ofisini. Niliuliza kwa nini wanachora kuku mkubwa na kuandika chumvi kwa herufi ndogo, tena kwa lugha ambayo wapishi wengi wa huku kwetu hawaisomi.

Mama alikuwa amesharudi kwake wakati huo. Alipikia tui la nazi, ndimu na pilipili, akameza vidonge alivyoandikiwa na daktari bila kukosa. Presha ilishuka, ingawa si yote. Lakini kwa presha ile jicho lake la kushoto lilikuwa limekwishaingia ukungu, na ukungu ule haukutoka tena hadi alipofariki miaka kadhaa baadaye.

Jibu la kiwanda lilichukua miezi. Walinishukuru kwa kuwa mteja wao mwaminifu. Pamoja na barua waliniletea aproni yenye picha ya kuku na katoni nzima ya kiungo.

Katoni ile ilikaa chini ya meza yangu ofisini. Kuitupa niliona israfu, na kuigawa niliona dhambi. Mwenzangu wa meza ya pili akaiona.

"Kama huitaki, nipe mimi."

Nikaanza kumweleza habari za sodiamu. Akacheka. "Mimi sina presha, bibi wee."

Nilikuwa nimechoka kubishana na watu. Nikaisukuma kwa mguu hadi kwake. Wiki hiyo hiyo aliniletea mchuzi wa samaki kwenye hotpoti, kunishukuru. Ulikuwa mtamu, na niliumaliza wote.