Kibao Ndani ya Kinamasi

Jumamosi iliyopita nilipita kando ya kinamasi kilicho nyuma ya nyumba za kupangisha huku kwetu Ruiru, nikawakuta mzee na mkewe kwenye nyasi, darubini machoni, kimya. Walikuwa wametoka Thika kuja kumtazama korongo.

Huku Ruiru, mtu akikodolea ardhi macho kwa muda, watu hujua inauzwa. Mama wa chapati aliacha jiko lake akaja. Watu wa bodaboda nao wakaegesha.

"Hao ni wa kupima ardhi," mmoja akanong'ona.

"Wanauza ngapi?" mama wa chapati akauliza.

"Tunaangalia korongo," mzee akasema bila kugeuka.

Watu wakacheka. Nani atoe nauli Thika hadi Ruiru kwa ajili ya korongo? Kila mmoja akauliza bei, hata mimi.

Ndipo broka wa ploti akafika, koti la suti juu, gambuti chini. "Mzee, hii side naijua vizuri. Hapo ndege amesimama ni kona ploti. Maji itakauka tu."

Mzee akaweka kidole mdomoni. "Polepole, utamfukuza."

Broka akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa siri. "Sawa, mzee. Hatuambii mtu."

Jana nimepita tena. Katikati ya maji kuna kibao cha bati, rangi nyekundu bado mbichi: SHAMBA HII HAIUZWI. Aliyekiweka hajulikani. Juu yake ametua korongo, shingo ndefu, anatukagua mmoja mmoja.

Namshuku yeye. Kati yetu wenyeji wote tuliofika pale, ni yeye tu ambaye hakuuliza bei.