Taa Nyekundu ya Pikapu ya Baba

Baba yangu alichochea moto kwenye injini za reli pale Nakuru tangu sijazaliwa, na kazi yake ya pili ilikuwa kumtazamia dereva ishara. Nyekundu, simama. Kijani, twende. Aliponunua pikapu kuukuu kutoka kwa mzungu mmoja wa Milimani, sheria hiyo aliingia nayo ndani ya gari. Kwenye dashibodi palikuwa na kitaa chekundu kadiri ya punje ya hindi. Kikiwaka tu, Baba anakanyaga breki, anazima injini, anakunja mikono kungoja njia ifunguliwe. Ifunguliwe na nani, hakuna aliyejua.

Nilicheka hadi mbavu zikauma, mpaka siku ya harusi yangu.

Kanisa lilikuwa Kabazi, mchumba wangu alikokuwa akifundisha. Padre alikuwa ametuma neno kwamba saa sita kamili anaondoka, na hatarudi mpaka baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu! Mimi hata siku tatu nisingeweza. Tulitoka landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, asubuhi, mimi mbele na gauni nililolishona kwa mikono yangu, shangazi zangu wanne nyuma wakiimba. Kwa heshima ya harusi, Baba aliwasha taa kubwa zote mbili, na jua hilo linawaka.

Kabla ya kufika Bahati alikuwa amesimama mara tano. Kila akizima ilibidi apige stata upya, na kila mara stata ililia kwa unyonge zaidi. Kisha, katikati ya mlima, injini ikakohoa ikazimika yenyewe. Baba akasema gari limechoka, tulipe nafasi lipumzike. Hapo hasira zikanipanda. Nikashuka, nikakunja gauni mpaka magotini, nikafungua boneti.

Magari sikuyajua, lakini cherehani niliijua. Mkanda wake ukilegea, unakanyaga weee na gurudumu la juu halisogei. Na humo ndani niliuona mkanda, umezunguka feni na kopo moja la chuma ambalo Baba aliliita dinamo, lile linalojaza betri moto. Niliusukuma kwa kidole ukabonyea kama kamba ya kuanikia nguo. Nikazungusha feni kwa mkono, mkanda ukateleza, dinamo ikakaa kimya. Kumbe betri ilikuwa ikitoa tu bila kupokea, na zile taa za harusi zikimalizia kilichobaki. Nilicheka peke yangu pale barabarani.

Baba alikuwa na spana ya karakana ya reli. Akalegeza nati, mimi nikaivuta dinamo nje kwa mpini wa jembe lililokuwa nyuma ya gari mpaka mkanda ukakaza, akafunga. Tukazima taa kubwa, akapiga hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono, injini ikanguruma. Kitaa kikazimika. Shangazi wakaanza wimbo upya.

Tulikwenda vizuri mpaka tulipofika kwa ng'ombe waliokuwa wakivuka. Baba akapunguza mwendo, dinamo ikazunguka polepole, kitaa kikawaka. Akafunga breki. Nikamshika mkono asizime, nikamweleza kwamba sasa gari ni zima, taa inaomba mwendo tu. Hakutaka kusikia.

"Nyekundu ni nyekundu," alisema.

Basi nikakumbuka gadi wa treni, anayepuliza filimbi na kupepea bendera ya kijani ili treni iondoke. Nikamvua shangazi mmoja kitambaa chake cha kichwa, cha kijani, nikatoa mkono dirishani nikakipepea, nikamwambia shangazi apige kigelegele mahali pa filimbi. Baba akakaa wima, akaingiza gia. Toka hapo kila kitaa kilipowaka nilipepea, shangazi wakapiga, na watu wa mashambani wakatupungia majembe. Nilikuwa na furaha ya kichaa, grisi mpaka kwenye kiwiko.

Tulifika padre akiwa amekwisha kushika baiskeli yake. Alipoona grisi yangu alitikisa kichwa, akarudi ndani.

Baba akanipa mkono tuingie. Mlangoni akasimama. Nikamwambia twende, watu wanangoja, naye hakusogea. Nilipomtazama, macho yalikuwa yamemwiva.

"Nyekundu, mwanangu," alisema polepole.

Kile kitambaa kilikuwa bado mkononi mwangu. Nikakiinua mbele ya uso wake, nikakipepea.