Ubeti wa Lisbet

Katika mji wetu mdogo kwenye rasi ya Jutland, huku kaskazini kwenye baridi, ukifikisha miaka hamsini ya ndoa bila wimbo wa Thorkild Brogaard, watu wanakuhesabu kama mchumba. Thorkild, fundi bomba mstaafu, ametutungia sote: ubatizo, kipaimara, arusi, hata paka wa mchungaji alipopatikana. Kipaji cha vina anacho. Cha kununua kitu dukani hakujaliwa.

Safari hii wimbo ulikuwa wa dada yake, Bodil, anayetimiza hamsini yake ya ndoa, aliyeomba jambo moja tu: ubeti mmoja wa Lisbet, binti yake aliyefariki angali mdogo.

"Mimi jina lake halinitoki mdomoni mbele za watu, kaka. Nitajieni ninyi."

Thorkild alihangaika na ubeti huo majira yote ya baridi. Ulipokuja, akauweka kwenye kompyuta pamoja na nyimbo zake zote, kisha akaamua kuulinda.

Programu nzuri ya kuzuia virusi ilikuwepo, inauzwa na wenyewe walioitengeneza. Lakini Thorkild si wa kuchezewa. Akapata tovuti nyingine inayotoa programu hiyohiyo, toleo kamili, bure, imefungashwa upya na wafadhili wasiopenda kujitaja. Kabla ya kuingia, ilimwomba azime ulinzi uliokuwemo. Akazima. Mlinzi mpya anataka mbwa afungwe kwanza, nani angeshuku?

Asubuhi nyimbo zote zilikuwa hazifunguki, na kwenye kioo kuna ujumbe wa kudai malipo, wenye adabu sana.

Aliipeleka kompyuta kwa Merete, fundi.

"Umeitoa wapi hii?"

"Mtandaoni."

"Hata wezi wako mtandaoni, Thorkild."

"Lakini ina nembo yao kabisa!"

"Nembo hata mimi naweza kukubandika usoni. Una nakala?"

"Ninayo! Kwenye flashi."

"Iko wapi?"

"Si hiyo hapo, imechomekwa. Huwa siichomoi, isipotee."

Merete alifumba macho. Flashi nayo ilikuwa imefungwa. Akamshauri asiwalipe, maana hakuna anayejua kama wangefungua, akafuta kila kitu.

Siku ya sherehe, alfajiri, kama ilivyo desturi yetu, tulikusanyika mlangoni kwa Bodil, chini ya upinde wa matawi ya misonobari tuliousuka wenyewe. Tarumbeta ikalia. Tukaimba beti chache alizofufua Thorkild kichwani, vina vikichechemea. Tukamaliza. Bodil, amesimama na mumewe, bado anasubiri.

"Na wa Lisbet?"

Thorkild alitazama viatu vyake. "Nimeupoteza, dada. Nilitaka cha bure."

"Mjinga wewe."

Hakuna aliyepinga.

"Haya, huo ubeti ulisema nini?"

"Nimejaribu, vina havirudi."

"Nani kakuomba vina?"

"Ulisema... alikuwa anaficha viatu vya wageni ili wasiondoke."

Bodil akacheka, machozi yakimtoka. "Vyako aliviweka kwenye tanuri. Nikawasha! Lisbet huyo, kajibanza nyuma ya pazia, anadhani hatumwoni. Lisbet wangu."

Akaendelea kusimulia palepale kizingitini, akimtaja na kumtaja. Ndani mikate ya kifungua kinywa ilikuwa inapoa, na hakuna aliyethubutu kusema ana njaa.