Siku ya Michezo Tuliyokatazwa Kukimbia

"Sasa mulienda kukimbia wapi, na tricot inarudi safi hivi?"

Mama aliniuliza hivyo uani kwetu, ameinyanyua fulana yangu mpya kwa mabega, huku beseni la maji na kipande cha sabuni vikimngoja miguuni. Alikuwa amejiandaa kwa matope. Aliigeuza fulana mbele na nyuma, akainusa makwapa, akanitazama mimi. Nilikuwa msichana wa darasa la sita mwenye jibu la kila kitu, hata la mambo ambayo hakuna aliyeniuliza, lakini mara hii niliinama, nikaanza kumwaga maji ya beseni.

Juzi nilipita sokoni mbele ya kijana anayechapa maandishi kwenye nguo, na harufu ya rangi mbichi juu ya nailoni ikanirudisha kwenye siku ile. Ni harufu kali, kama mafuta ya taa yaliyochanganyika na plastiki iliyoungua. Watu wengine utoto wao unanukia mkate. Wangu unanukia fulana ya kijani, iliyoandikwa kifuani maneno ya Kifaransa makubwa kuliko vifua vyetu, kwamba sisi tulikuwa wanamichezo na wapenda safari za porini.

Niwaambie basi safari ya shule ya siku ile ilivyopangwa, kwa maana kupangwa ilipangwa kweli. Sijaona tena katika maisha yangu kitu kilichopangwa namna ile.

Shule yetu ilikuwa na Directeur, yaani mwalimu mkuu, mtu wa koti hata wakati wa joto, na Maître Zéphyrin, mwalimu wa michezo, ambaye alama pekee ya kazi yake ilikuwa filimbi shingoni. Hao wawili waliunda kamati. Kamati ikazaa kamati ndogo: ya nyimbo, ya maua, ya fulana, ya chakula, ya picha. Muhula mzima walikaa vikao katika darasa letu sisi tukifukuzwa nje, na tulichungulia dirishani tukaona ubao umejaa mishale ya chaki kama ramani ya vita. Kwanza walisema tutaenda kwenye maporomoko ya Wagenia, pale pale mtoni kwetu, tukafundishwe ushupavu wa majini. Nusu ya darasa tulitoka kwenye familia za wavuvi wa palepale. Baba yangu alicheka mpaka akashika ubavu. "Watakuya kuonyesha batoto yangu mayi? Batoto banaoga pale kila siku!" Kamati ikaona aibu, au labda iliona tu kwamba pale hapana mahali pazuri pa kuweka kiti. Wakachagua uwanja mmoja wa nyasi karibu na Bangboka, ng'ambo kidogo ya uwanja wa ndege, wenye kijito cha kuvuka juu ya gogo, mti wa kukwea kwa kamba, na njia ya kukimbilia kati ya mashamba ya mihogo.

Kiti ndicho kilichokuwa roho ya mpango wote. Ilitangazwa kwamba atakuja mgeni wa heshima, mkubwa wa michezo ya shule katika jimbo, na kwamba baada ya kutuona tukikimbia angechagua watoto wa kuingia kwenye timu ya jimbo.

Kwangu mimi hilo lilikuwa neno tu. Kwa Mado lilikuwa maisha. Mado alikuwa msichana mwenzangu, rafiki yangu wa dawati moja. Tulimwita Mado Ndege, kwa sababu akiondoka mbio ulikuwa huoni miguu. Mama yake alikuwa mbali, huko Bafwasende, akiwapikia wachimba dhahabu, na Mado alilelewa mjini na tonton wake, yaani mjomba wake, fundi wa pikipiki wa mtaani kwetu. Tonton huyo alimwambia mbele yangu, bila kuinua macho kwenye injini: "Écoute, Mado, sikiliza. Bakikuchagua, utabakia hapa, utasoma. Basipokuchagua, masomo ikiisha, vacances unarudia kwa mama yako. Yeye iko na kazi mingi, anatafuta mikono." Tangu siku hiyo Mado alikimbia kila asubuhi kabla ya kengele, kutoka ukingo wa mto mpaka barabara kuu na kurudi, pekupeku, akipita wauza kwanga, mikate ya mihogo, ambao walimpigia kelele: "Nani anakufukuza, ee mama?"

Shuleni lakini hatukukimbia. Somo la michezo la muhula ule lilikuwa kusimama mistari na kuimba wimbo wa kumkaribisha mgeni. Maître Zéphyrin alitupigisha hatua ya gwaride mpaka visigino vikaota malengelenge. Nilimuuliza tutafanya lini mazoezi ya mbio zenyewe. "Mbio haifundishwaka," alisema. "Hata mbuzi anajua kukimbia. Salamu ndiyo inafundishwa."

Siku ikafika. Lori liliazimwa kwa mfanyabiashara wa mbao, nalo bado lilinukia utomvu. Abiria wa kwanza kupandishwa alikuwa kiti: fotei nyekundu kutoka sebuleni kwa Directeur, na vitambaa vyake vya kufumwa vimebanwa kwa pini mikononi na kichwani. Kilifungwa kamba, kikawekwa turubai, kikapewa wavulana wanne wa kukishika kisitikisike. Nafasi iliyobaki ndiyo tukajazwa sisi. Watoto wa darasa la nne walikosa mahali, wakarudishwa nyumbani na fulana zao. Hakuna mjumbe wa kamati hata mmoja aliyependekeza kukishusha kiti.

Uwanjani nyasi zilikuwa na umande bado, na kijito tulikisikia pale chini kikicheka peke yake. Watoto wote walikuwa wanatetemeka kwa hamu, kama mbwa wanaongoja kufunguliwa. Maître akanyoosha mkono.

"Musikimbie! Mutachafua tricot mbele mugeni afike! Mukae chini. Hapana, si kwa majani! Muchuchumae!"

Tukachuchumaa. Mbele yetu fotei iliwekwa chini ya mwavuli, na pembeni yake kimeza chenye chupa ya sucré, yaani soda, na glasi iliyofunikwa leso. Jua likapanda. Kila gari lililosikika barabarani, Maître alipunga mkono na sisi tukasimama na kuimba wimbo wetu wa karibu kwa sauti zote. Tulimwimbia mtu aliyekuwa anawahi ndege na mabegi juu ya gari. Tulimwimbia padri, naye akatubariki kupitia dirishani. Tuliliimbia lori la mkaa. Baada ya kila wimbo tulichuchumaa tena, na mapaja yakawaka moto. Hayo ndiyo mazoezi ya viungo niliyoyapata.

Jua lilipoanza kuinama, Mado aliinuka. Alikwenda mpaka mbele ya Maître, mikono nyuma kama tulivyofundishwa.

"Maître, tunaweza kukimbia sasa, kisha mugeni akifika tunakimbia tena? Mimi sitachoka."

"Na programu?"

"Programu itabakia, Maître."

"Wee mutoto! Programu inasema: wimbo, maua, Directeur asome discours, kisha mbio. Utakimbia mbele ya discours? Ulisha ona wapi?"

"Na kama hakuye?"

"Atakuya. Mukubwa hafikaka mbele ya badogo."

Mado alirudi kwenye mstari lakini hakuchuchumaa. Aliangalia njia ya mihogo, akaniangalia mimi, akavua kandambili zake, akanikabidhi. Kisha akaondoka. Sijui niwaelezeje. Watu wengi hukimbia kama wanaotupa miguu. Yeye alikimbia kama anayeteremka mlima usioonekana. Alipita fotei, akapita mwavuli, akaingia kwenye njia, na majani ya mihogo yakafungana nyuma yake. Sisi tukasahau salamu na gwaride tukapiga kelele, "Ndege! Ndege! Ndege!" Akatokea upande wa pili, anarudi, mdomo wazi, na ulikuwa unaona kwamba anacheka.

Ndipo filimbi ilipolia. Muhula mzima sikuwahi kuisikia filimbi ile, na siku ya michezo ililia mara hiyo moja tu, kumsimamisha mtoto anayekimbia.

Alipigishwa magoti kando ya fotei. Walimpigisha magoti pale, jasho likimtiririka shingoni, karibu na kiti kitupu chenye vitambaa vyeupe, na mjumbe wa kamati ya maua akamwambia asogee kidogo kwa sababu anakiharibia sura.

Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mto, na dereva wa lori akasema yeye hasubiri mvua kwenye barabara ile. Mtu mwenye akili angesema: haya watoto, kimbieni mara moja twende. Directeur yeye alitoa karatasi yake mfukoni, akakohoa, akaisomea fotei. Naapa. "Mheshimiwa mgeni wetu," alikiambia kiti, "kuwapo kwako kati yetu leo ni heshima kubwa." Alisoma mpaka mwisho, kwa maana hotuba ilikuwa imeandikwa na kamati ilikuwa imeipitisha. Tukapiga makofi. Mtoto wa maua akaweka maua juu ya kiti. Picha ikapigwa, walimu wamekizunguka kiti wanatabasamu. Mbio zikatangazwa kuwa zimeahirishwa hadi mwaka ujao. Njiani kurudi Maître Zéphyrin alisema kwamba, kwa jumla, mpango umekwenda sawasawa.

Mado aliondoka mwanzo wa likizo, amepakiwa nyuma ya lori la mahindi na mapipa, kuelekea Bafwasende. Tonton wake alikuwa mtu wa neno lake. Nilimpungia mkono mpaka vumbi likafunga, na baada ya hapo nilizisikia habari zake mara moja tu: kwamba anapika vizuri.

Kwa miaka mingi nilimchukia yule mgeni. Nilimpa sura: tumbo kubwa, saa ya dhahabu, usingizi wa mchana. Nilikuwa na hakika kwamba tulisahauliwa na mtu mkubwa, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa kuamini, kwamba watu wakubwa husahau na watu wadogo hungoja. Nikaenda chuo kikuu, nikasomea mambo ya elimu, na wakati wa kuandika kazi yangu ya mwisho kuhusu michezo ya shule nikaelekezwa kwa mzee mmoja mstaafu. Jina lake nililijua kabla sijafika: ndilo lililotangazwa shuleni kuwa la mgeni wetu. Nilikwenda na maswali yangu ya utafiti juu, na lile moja chini yake.

Nilimkuta ni mtu mwembamba, mpole, anacheza dame, yaani drafti, na shemeji yake barazani. Sikungoja hata kiti.

"Papa, kwa nini hukufika siku ile? Tulikungoja mpaka jioni."

"Siku gani, mama?"

Nikamweleza: shule, uwanja, lori, wimbo. Aliiweka kete chini.

"Hakuna mutu alinialika," alisema. "Hata mumoja."

Baadaye nilirudi shuleni kuulizia, na ni kweli. Directeur alidhani ni kazi ya mwalimu wa michezo. Maître Zéphyrin alidhani mtu mkubwa hualikwa na mtu mkubwa mwenzake. Palikuwa na wa maua, wa nyimbo, wa picha, wanne wa kushika fotei, na hakuna aliyepewa kazi ya kwenda kumwambia mgeni aje.

Lakini pale barazani mzee alikuwa hajamaliza. Ile nyumba tuliyokuwa tumekaa barazani kwake iko Bangboka, nyuma tu ya mianzi inayopakana na uwanja ule, na siku ile ya michezo alikuwapo nyumbani, amepumzika, hana kazi. Alisikia watoto wakiimba wimbo uleule, wananyamaza, wanauimba tena, mchana kutwa. Akamuuliza mke wake ni harusi ya nani hiyo, isiyokwisha.