Hizo ni za Kwenda Tu
Mwalimu Kahangwa amefundisha fizikia katika shule ya Kashozi miaka ishirini na sita, na kila mwaka wanafunzi hukosea palepale. Akiwauliza anayetuma ujumbe kwenye sayari ya Mirihi atasubiri jibu kwa muda gani, wanapata dakika kumi na mbili na nusu, wanaweka kalamu chini.

"Hizo ni za kwenda tu," huwafokea. "Jibu nalo lina safari yake. Zidisha kwa mbili."

Binti yake, Devota, aliye Kanada, hajajibu salamu walizomtumia kwa simu wakati wa Pasaka, na sasa miezi imepita, kahawa imeshavunwa na kuanikwa. Jana mkewe, Restituta, alimuuliza ujumbe ule ulichukua muda gani kufika.

"Sekunde moja," alijibu Kahangwa. "Na ameusoma, Mama Devota."

"Basi zidisha kwa mbili," alisema Restituta, akaendelea kumenya ndizi.

Hesabu ilikuwa sahihi: sekunde mbili, kwenda na kurudi. Kahangwa alishindwa kuiwekea alama ya vema.