Kufuli Nililolipika Mwenyewe

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyoambiwa nionje nilichopika, na wala hatukuwa jikoni. Tulikuwa ofisini mtaa wa Aston, huku ughaibuni, kwenye kampuni ndogo ya programu za kompyuta, nami nilikuwa binti mwenye kichwa chepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Akina mama wa Kikenya waliofanya kazi ya kutunza wazee walikuwa wameniomba programu ya kupangia nani ampe nani lifti baada ya zamu. Kila mmoja aliandika anapoishi. Miongoni mwao alikuwa Dada Grace, aliyemkimbia mume aliyekuwa akimpiga, akajificha mtaa wa Perry Barr na bintiye mdogo. Aliniuliza mara moja tu: "Mdogo wangu, uko sure hakuna mtu ataisoma?"

Nikacheka. Nilikuwa nimebuni njia yangu mwenyewe ya kusimba maandishi yasisomeke, na niliipenda kama mtu anavyompenda kifungua mimba wake. Zile njia za kawaida, zinazotumiwa na dunia nzima, niliziona za wavivu. Tena kila mtu anazijua. Siri gani hiyo? Akina mama nao walinisifu kanisani kwamba mtoto wao kawatengenezea kitu chao wenyewe. Unajua mgema akisifiwa.

Mkubwa wangu kazini alikuwa Mzee Balbir, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, mtu wa subira. Nilimwonyesha kazi yangu kwa majivuno. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwetu Kisumu, mwenye kupika pombe ya busaa hufanya nini kwanza mbele ya wageni?"

"Huonja, Mzee."

"Basi onja, binti. Put your own mother inside."

Mama yangu aliishi peke yake mtaa wa Sparkbrook. Niliandika jina lake na nyumba yake, nikayafunga kwa njia yangu, nikamtumia Mzee, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi na vikombe alikuwa ananingoja. Akataja mtaa wa mama, namba ya mlango, na jina lake la ubatizo, polepole, kwa upole. Nikavibwaga vikombe, chai ikamwagika mezani. Niliogopa, mwanangu, kuliko nilivyowahi kuogopa. Huyu alikuwa rafiki. Je, angekuwa adui?

"Herufi zako zinajirudia mno," akasema, akipangusa meza. "Umejificha nyuma ya pazia, miguu iko nje. Hizo standard unazodharau, kila mtu anajua zinavyofanya kazi, na watu wenye akili kutushinda wamejaribu kuzivunja miaka nenda miaka rudi. Siri ni ufunguo peke yake. Yako nani ameijaribu?"

"Mimi."

"Na nyani haoni kundule," akamalizia, tukacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Nilifuta kazi yangu yote, nikatumia njia ya kawaida. Iliniuma, sikufichi.

Baadaye yule mume wa Grace alikuja kumtafuta. Nduguye akamwibia katibu wa akina mama kompyuta yenye anwani zote. Waliifungua, lakini bila ufunguo wakaambulia herufi zisizo na kichwa wala miguu. Mume akazunguka mji, akauliza makanisani, akachoka, akaondoka. Bintiye Grace sasa ni mtu mzima. Majuzi nilimsimulia habari hii kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yenu: "Auntie, we never had to move."

Basi, mwanangu, buni upendavyo, buni michezo, buni vitu ambavyo sisi hatukuviota. Lakini kufuli la kumlinda mwenzako, chukua lile lililokwisha kugongwa kwa nyundo za wengi likabaki limefunga. Ukishawishika kupika lako, mwonjeshe kwanza anayejua kuvunja, na ndani yake umweke mama yako.

Mungu akupe akili ya kubuni na unyenyekevu wa kujizuia. Na kila atakayelala nyuma ya mlango uliofungwa na wewe, alale salama hadi asubuhi.