Nilishuhudia Kanisani Kwamba Nimeacha Dawa, na Bado Ninazinywa

Admin, ficha jina langu, na kanisa letu pia usilitaje, maana Kebirigo kila mtu anamjua mwenzake.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, fundi cherehani, nina mume na wasichana wawili. Naandika haya nikiwa nimesimama kwa sababu leo kiti kimenishinda. Nikikaa dakika mbili miguu inataka kwenda mahali, na haijui ni wapi.

Miaka mitatu iliyopita nilipoteza mimba ya miezi saba. Baada ya hapo nikawa mtu wa kulala na kugeukia ukuta, vitambaa vya wateja vinalundikana, wasichana wanajipikia. Mume wangu akanipeleka Kisii, daktari akasema ni ugonjwa wa huzuni, hii depresheni mnayoisikia, akaniandikia dawa. Zilinisaidia. Nasema wazi kwa sababu kuna watu watakuja hapa chini kunifundisha: zilinisaidia. Nilirudi kwenye cherehani, nikaanza hata kugombana na wateja kama zamani.

Mama mkwe wangu hakuzipenda. Aliziona kabatini siku alipotutembelea, na tangu hapo akawa anawaambia wenzake kwamba mke wa mwanawe anakunywa dawa za wazimu. Kwangu alikuja na sauti ya upole, akiniita mkwe kwa Kigusii: "Mokamwana, katika boma hili hatujawahi kuwa na ugonjwa wa kichwa." Neno hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Mwaka huu daktari akasema naendelea vizuri, tunaweza kuanza kupunguza. Alinionya: polepole, nusu kwanza, tukae hapo tuone, nisije nikaacha kwa siku moja. Nilifurahi sana. Sabato iliyofuata, wakati wa shuhuda, nikasimama. Nia yangu ilikuwa kusema tu kwamba Mungu amenisaidia na dawa zinapunguzwa. Lakini mama mkwe alikuwa benchi ya mbele, amegeuka ananitazama, na akina mama wakaanza kuitikia amina kabla sijamaliza. Yale makofi yanalevya, jamani. Nikajisikia nikisema, "Nimezitupa zote chooni! Sinywi hata moja!" Kanisa zima likasimama. "Nyasae, mbuya mono!" wakawa wanamshukuru Mungu kwa sauti. Mama mkwe akaja akanikumbatia, mara ya kwanza tangu niolewe. Nusu tembe niliyokunywa asubuhi ile ilikuwa bado tumboni.

Na hiyo nusu yenyewe si mchezo. Nikigeuza shingo ghafla, kichwani kunapiga kama taa inayowashwa na kuzimwa. Natoka jasho kwenye baridi yetu hii ya Nyamira. Juzi nilimrushia mteja gauni lake kwa sababu alisema mkono mmoja ni mrefu, na kweli ulikuwa mrefu. Nilirudi kwa daktari, akasema mwili unazoea, tusishuke tena kwa sasa. Kwa hiyo kila asubuhi najifungia nyuma ya pazia la kupimia nguo, nakata tembe kwa mkasi wa kazi, nameza haraka kama mwizi.

Ningeweza kuendelea hivyo. Lakini kuna dada kanisani, nimwite Moraa, mwalimu wa chekechea upande wa Sironga. Sikujua kwamba yeye pia alikuwa kwenye dawa kama zangu. Alinisikia siku ile, akaenda nyumbani akazitupa zake, zote, siku moja. Baada ya wiki mbili akanipigia. "Dada, wewe kichwa kilikuwa kinakupiga hivi? Uliomba maombi gani?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia avumilie, itapita.

Jumapili iliyopita nilishindwa, nikaenda kwake. Haendi kazini tena. Anazunguka kutoka mlangoni hadi jikoni, nywele hajachana, na aliniambia haoni sababu ya kuamka. Nikapiga magoti pale sakafuni nikamwambia ukweli wote, nikatoa tembe zangu kwenye kibeti azione. Mnajua alinijibu nini? "Toka! Shetani amekutuma unirudishe nyuma. Wewe ulishuhudia mbele ya Mungu na watu wakasikia. Kama ulidanganya, kaseme pale pale ulipodanganyia, nikusikie."

Nilimpigia dada yake wa Marani siku hiyo hiyo, akaja, na hamwachi peke yake. Lakini kila akimwambia waende kwa daktari, Moraa anamjibu kwa jina langu: yule alipona bila dawa, na mimi nitapona.

Mume wangu anasema ninyamaze, Moraa ana watu wake, nikifungua mdomo mama mkwe atakufa kwa aibu na mimi nitarudi kitandani kule kwenye ukuta. Hilo la kitandani linanitisha, siwadanganyi na nyinyi. Nimeshona mfuko mmoja mara nne leo, na mara zote nne umekaa upande.

Sabato ni kesho kutwa. Mama mkwe ameomba ifanywe ibada ya shukrani kwa ajili yangu, na mzee wa kanisa ameniweka kwenye ratiba nirudie ushuhuda wangu. Dada yake Moraa amesema atamleta.

Mtakaoniambia niombe, asanteni, nimeomba. Mtakaoniambia ninyamaze, wa kuniambia hivyo ninaye nyumbani. Nisaidieni kitu kimoja tu: nikishashika kipaza sauti, mama mkwe ananitabasamia, Moraa amekaa nyuma anasubiri, neno la kwanza litoke lipi?